Siku Polisi Waliposoma Namba Zangu

Mume wangu alikuwa fundi wa redio mjini Kitale, na kila akitoka kazini alinifundisha kumsaidia nyumbani. Alikuwa na rezista, vile vidude vidogo vya kuzuia umeme, zenye ukinzani mkubwa hivi kwamba mshale wa mita ya kawaida haukusogea kabisa. Basi akaunda chombo chake: koili ya waya uliosokotwa, kapasita ya kuzungusha kama ile ya kutafutia stesheni, na valvu, ile taa ya kioo ya redio za zamani, vyote vikitumia betri ya gari. Ukizungusha kapasita mpaka ipatane na koili, mshale unapanda. Ukiunganisha rezista, mshale unashuka, na kwa kushuka kule unajua rezista inapoteza umeme kiasi gani. Yeye alisoma, mimi nikaandika. Kurasa nzima za namba tupu.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ya wakoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Wazee wetu walitoka mkoa wa kati, kwao wapiganaji hao, kuja kulima Trans-Nzoia, na hilo peke yake lilitosha tushukiwe.

Asubuhi moja, mume wangu akiwa amekwenda Bungoma kurudisha redio ya mteja, akaja inspekta mzungu na askari. Askari alinieleza kwamba jirani amelalamika: redio yake inapiga mluzi kila jioni, na inspekta anataka kujua sisi tunaongea na nani msituni. Inspekta alikuwa ameshafungua daftari letu la namba, kana kwamba ni maneno ya siri. Nikajua ni chombo chetu, maana kikiwashwa hurusha mawimbi yanayoingia kwenye redio za karibu.

"Ni vipimo vya rezista," nikasema.

"Mama," askari akasema polepole, "kama ni kweli, muonyeshe."

Sikuwa nimewahi kukiwasha chombo kile peke yangu. Nikaunganisha betri. Mshale ukakaa palepale. Nilimfikiria mama mmoja wa mtaani kwetu aliyepandishwa lori la polisi, watoto wakabaki mlangoni. Kisha nikakumbuka kwamba valvu hungojewa kwanza ipate moto. Nikazungusha kapasita, mshale ukapanda hadi themanini.

Inspekta akachagua rezista mwenyewe, akatafuta namba ya kibandiko chake daftarini, akauficha ukurasa kwa kiganja. Nikaiunganisha, nikarekebisha kapasita kidogo, nikasoma: sitini na tatu. Akachungulia chini ya kiganja, akanipa nyingine. Arubaini na moja. Ya tatu ilipishana na daftari kwa alama mbili, naye akanionyesha kwa kidole namba iliyoandikwa. Nikamwambia askari kwamba betri imechoka. Sijui kama alimtafsiria.

Hawakunichukua. Walichukua daftari na koili, wakaagiza mume wangu aripoti kituoni.

Nilimngojea pale basi linaposhusha abiria, nikamwambia yote tukiwa tumesimama barabarani. Alinikabidhi mkoba wake, akaenda moja kwa moja kituo cha polisi.

Alirudi siku ya tatu, amekonda. Hakunieleza waliyomwuliza, nami sikuthubutu kuuliza. Mwaka uliofuata tulihamia Bungoma, na nyumba tuliyoichagua haikuwa na jirani wa karibu.