Maua Yaliyoota kwa Wifi

Saa moja asubuhi, Milembe amepiga magoti kwenye mchanga wa chumvi karibu na Mwamanyili, anakwangua udongo kwa kigae. Kila akikwangua mara tatu anainua macho. Anatazama kiwanja cha wifi yake, Lukresia, ambako maua madogo ya zambarau yametambaa chini kama mkeka.

"Mwangaluka, wifi," Lukresia anamsalimu.

"Mwangaluka," anajibu Milembe, kwa sauti ya mtu anayelipishwa kodi.

Maua hayo, yasiyofika kifundo cha mguu, huota penye chumvi tu. Wapika chumvi wa hapa wana desturi: anayeyaona kwanza huchomeka fimbo, kiwanja kikawa chake. Lakini asiyejaza vibuyu vitano vya chumvi kabla ya mvua, fimbo yake hung'olewa.

Mwaka huu wa 1956 Lukresia amejaza tisa. Milembe, mwenye uzoefu wa miaka ishirini, ana viwili.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kutoboa chungu cha kuchujia udongo wa chumvi," anasema. "Leo anapita na vibuyu vyake polepole, ili nihesabu."

Mwezi uliopita, Lukresia alipokwenda gulio la Kasoli, Milembe alitenda jambo zito. Aling'oa mashina thelathini ya maua ya wifi yake, akayapanda kwake. Yalipolegea, akayamwagilia maji ya kisima, mitungi minne kwa siku.

Yakafa yote. Maji nayo yakaizamisha chumvi ardhini.

"Nilidhani maua ndiyo yanayoita chumvi," anakiri. "Kumbe chumvi ndiyo inayoyaita."

Lukresia aliporudi aliyaona mashimo, akaiona na mitungi. "Wifi," alisema, "kaka yangu hujawahi kumtekea mitungi minne kwa siku."

Mvua imebakiza wiki tatu. Lukresia amemwambia akwangue nusu ya kiwanja chake, apate vibuyu vitatu vilivyobaki. Siku nne zimepita, Milembe hajajibu.

"Nikikubali, watu watasema amenipa. Nikikataa, watang'oa fimbo yangu na yeye akiwapo. Na tazama, pale nilipong'oa yamechanua tena, mengi kuliko mwanzo."

Anakung'uta mchanga magotini. Leo, anasema, atakubali. Na mwakani ataamka kabla ya wifi yake kuyaona maua.

Kisha anakiangalia kiwanja kile kutoka ncha hadi ncha.

"Lakini hakusema nusu ipi."