Mawe Madogo ya Upande wa Kaskazini

Borghild Tveitane alitunza kanisa letu la mbao, huku kwenye mlango wa bahari, kwa miaka thelathini na mmoja. Kila Mei aliwaongoza vijana wa kipaimara kung'oa magugu upande wa kaskazini wa makaburi, walikozikwa watoto wachanga. Enzi zetu hatukuitwa. Ukisikia kengele, unachukua reki unakwenda. Hawa wanaletwa na magari ya wazazi.

Mwaka mmoja baraza la wazee wa kanisa lilimwambia wazi: kona ile isiposafishwa Jumamosi ya vijana, mawe madogo yataondolewa ili mashine ya nyasi ipite. Nami nilikuwa mjumbe wa baraza hilo. Nilijua pia jiwe la tatu kutoka ukutani ni la nani.

Walikuja vijana kumi na wawili. Walikula skonzi za mdalasini za Borghild, wakapanda ukutani na simu zao.

"Bibi, kwani hawa waliolala wamelalamika?" aliuliza Iver. Wenzake wakaangua kicheko.

"Shika reki, Iver."

"Si mlete mashine tu! Nani bado anakuja huku?"

Borghild akafungua mdomo. Nikadhani sasa atasema. Lakini kwetu mtu haaniki msiba wake mbele ya watoto wa watu. Tulilelewa hivyo, tukajivunia. Akafunga mdomo, akapiga magoti kwenye nyasi zenye umande. Alianzia mwisho wa mbali, asije akaonekana anajipendelea. Mimi na mgongo wangu mbovu nikang'oa hapa na pale. Tiril peke yake alishuka kumsaidia, mpaka mama yake alipopiga honi.

Kufikia saa sita vijana wote walikuwa wameshaondoka. Safu moja tu ilikuwa safi, na haikuwa ile yenye lile jiwe la tatu.

Wiki iliyofuata trekta lilikuja kuondoa mawe. Iver alitumwa na baba yake kusaidia kupakia. Akasimama na jiwe mikononi, si kubwa kuliko mkate.

"Babu, hapa pameandikwa Tveitane. Ndugu yake Bibi?"

"Mwanawe. Aliishi siku nne."

Akanitazama kwa hasira ambayo sikuitegemea.

"Sasa mbona hamkutuambia?"

Nikageuza macho kanisani. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi. Borghild alikuwa ndani, ametugeuzia mgongo, akifuta viti.