Kijiko cha Kugongea Kadre

Nyumbani kwetu Kindu kuna kijiko kimoja kisichoingia kwenye chakula. Kazi yake ni kugonga baiskeli. Kilianza kazi hiyo miaka ya vita, kwa kosa langu.

Siku hizo treni ilikuwa haiji tena. Kila safari nilivuka mto Lualaba kwa mtumbwi na baiskeli yangu ya chuma, nikaisukuma hadi Kailo ikiwa na gunia la chumvi, nikarudi na mchele na mawese. Watu sita walikula kutokana na safari hizo. Baiskeli ikifa, hatukuwa na njia ya pili.

Kamba za mzigo hukwaruza rangi, na kwenye mkwaruzo ndiko kutu huanzia. Kwa hiyo wasukumaji wote wa mtaa wetu walizungushia kadre, yaani ile mifupa ya baiskeli, vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu. Mimi nilizidi. Nilikata tepe za upana mmoja, nikazikaza kutoka usukani hadi gurudumu la nyuma bila kuacha pa kupitisha ukucha, nikazipaka mawese zikang'aa. Wapita njia walisimama kutazama, nami nikawa natafuta sababu ya kuiegemeza barabarani.

Mke wangu, ambaye baiskeli huiita kinga, hakuvutiwa.

"Baba ya watoto, kinga yako iko na baridi?"

"Kwa nini?"

"Naona umeivalisha koti. Maji ikiingia mule, itatokea wapi?"

"Haiwezi ingia. Nimekaza."

"Na ile yenye iliingia mbele hujakaza?"

Nilimwambia aendelee kutwanga sombe yake ya majani ya muhogo.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, gunia limeshafungwa, alitoka jikoni na kijiko mkononi, akagonga bomba la juu la kadre. Likalia vizuri. Akagonga la chini, karibu na pedali. Likatoa sauti ya debe la uji.

"Sikia mwenyewe."

"Mzigo ndio unaziba sauti."

"Mzigo iko juu. Mimi nagonga chini. Shusha."

Nilikataa; wenzangu walikuwa wananingoja mtoni. Akarudi jikoni. Alileta kisu, akachana mpira wangu mzuri kwa mkato mmoja. Ndani kulikuwa na tope la chumvi na maji, na kutu ikabanduka kama magamba ya samaki. Akabonyeza ncha ya kisu, nayo ikazama ndani ya chuma.

Nilikaa chini. Nilikuwa naona mahali ambapo bomba lile lingekatika: katikati ya msitu, nikiwa na gunia, siku ambazo hakuna aliyetaka kukutwa amesimama njiani.

"Kumbe koti ilikuwa inakula mwenye kuivaa," akasema, kisha akaanza kufungua kamba za gunia mwenyewe.

Fundi wa mtaani hakuwa na umeme wa kuchomelea. Alichomoa kiti, akaipindua baiskeli, na maji ya rangi ya chai yakamwagika kutoka bomba la kiti.

"Papa, ulikuwa unafuga samaki humu?"

Alikata mguu mmoja wa kitanda chetu cha chuma, akaupasua kwa urefu, akalivalisha bomba bovu na kulibana kwa bolti. Chini ya pedali alitoboa tundu dogo la kutolea maji. Kitanda tukakiwekea matofali.

Wiki iliyofuata mke wangu alinisindikiza hadi mtoni, akagonga mara tatu mbele ya wenzangu waliokuwa wanacheka, akasema, "Sasa enda." Nilikwenda Kailo, nikarudi na mchele.

Leo pikipiki zimejaa mjini, lakini mimi bado naendesha ileile. Kadre iko uchi. Ikinyeshewa, naifuta kwa kitambaa kikavu na kuisimamisha mpaka tundu limalize kudondosha. Pakikwaruzika, napasugua na kupapaka rangi siku hiyohiyo. Bomba la kiti nalidondoshea mafuta machafu ya injini. Mawese yamerudi jikoni. Kwenye chuma yanakusanya vumbi na sisimizi tu.

Kila Jumapili kabla ya kusali, kijiko kinatoka. Mwezi uliopita nilimuuliza mke wangu lini tutatengeneza mguu wa kitanda, maana matofali yananiumiza vidole.

Aligonga bomba la chini, akasikiliza.

"Ule mguu ungali kazini," akasema. "Ngojea."