Chale za MaNgubane

MaNgubane alingoja goti la chuma miaka mitano. Sisi majirani zake hapa Nongoma tuliijua tarehe ya upasuaji kuliko siku zetu za kuzaliwa, maana hakuwa na habari nyingine. Alitaka kupiga magoti tena kwenye maombi ya akina mama ya Alhamisi. Yeye ndiye kiongozi wao, na wanaokwenda kwa waganga aliwasema bila huruma.

Siku tatu kabla ya kulazwa, hofu ya kisu ikamshika. Akanivuta pembeni.

"Mdogo wangu, nipeleke kwa yule mzee mganga anichanje chale za kinga. Na ukifungua mdomo, mimi na wewe basi."

Nilimpeleka. Alichanjwa chale saba kuzunguka goti, zikapakwa dawa nyeusi. Njiani nilimtania kwamba sasa hata daktari atamwogopa. Kwa utani ule najilaumu hadi leo.

Hospitalini, nesi Zibuyile akaziona.

"Bibi, hizi si chale? Kidonda chochote lazima kipone kwanza, vijidudu visije vikaingia."

"Chale? Mimi, mama wa kanisa? Ni paka, mwanangu. Huna adabu!"

Binti wa watu akaona haya, akaomba radhi. Akamwambia daktari ni mikwaruzo ya paka, imekauka.

Wiki ya tatu baada ya upasuaji goti likavimba, likatoa usaha. Ilibidi chuma kitolewe. Siku tuliyokwenda kumwona, mimi na akina mama wa Alhamisi, tulimkuta daktari akimgombeza Zibuyile mbele ya wodi nzima.

"Wewe ndiye uliyeniambia ngozi ni salama! Leo una la kusema?"

Zibuyile hakumtaja mtu.

MaNgubane akajifunika shuka gubigubi. Sauti ikatokea humo ndani.

"Mwache. Nilichanjwa mimi. Nilimdanganya, tena kwa jina la kanisa."

Akina mama wakatazamana. Mimi niliangalia sakafu, maana nilijua zamu yangu inakuja.

Zibuyile akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Bibi, si ungesema tu? Ningekurudisha nyumbani zipone, halafu nikuite mwenyewe."

"Baada ya miaka mingine mitano?"

"Wiki mbili, Bibi."

"Mbili?"

"Mbili tu."

Shuka likaanza kutikisika, na hakuna aliyethubutu kulifunua.