Samaki Niliyemlisha Bwana

Nilikuwa mpishi wa setla mmoja wa kahawa upande wa Isansa, miaka michache baada ya vita vya pili, na kwa mwaka mzima nilimchukia mtu yule kila siku niliyoamka. Nasema hivyo mapema ili anayesoma asisubiri nije kujuta mbele ya safari.

Chuki ilianza siku baba yangu alipokuja kunitembelea. Baba alikuwa mvuvi wa ziwa Rukwa, mtu wa bondeni, chini zaidi ya Galula. Alikuwa amepanda milima kwa miguu siku nne, tenga la kambale wakavu begani, amelifunika kwa majani ya mgomba. Nilimkalisha nyuma ya jiko nikampa maji. Hajamaliza kikombe, bwana akatokea, mkono puani.

"Nini kinanuka hivi?"

"Samaki, bwana. Baba yangu ameniletea."

"Kamwage shimoni."

"Nitawapeleka chumbani kwangu, bwana. Hawatakaa hapa."

"Shimoni. Wewe mwenyewe. Sasa hivi."

Nikalibeba tenga. Baba alisimama akinitazama. Kambale wale aliwavua, akawapasua, akawakausha kwa moshi wiki nzima, na mimi nikawamwaga juu ya maganda ya viazi na majivu. Bwana hakuridhika. Akamgeukia baba kwa Kiswahili chake cha kuamrisha: "Ninyi watu wa ziwani hamvui. Mnakaa kando ya matope mpaka samaki achoke. Uvuvi uko huku, kwenye maji yanayokwenda."

Baba alichukua tenga lake tupu, akaniambia kwa lugha yetu, "Fanya kazi yako, mwanangu," akaondoka jua likiwa la utosi. Hakupanda tena mlima ule mpaka alipofariki. Mimi nilirudi jikoni, nikamkaangia bwana mayai.

Nilifikiria mambo mengi wiki ile. Kumtilia kitu kwenye supu nilikufikiria pia, sitadanganya. Lakini mtu akishakufa hajui tena alichokosa. Nilitaka aumie akiwa mzima, na aumie pale anapojivunia.

Alijivunia mto. Ulipita chini ya shamba, mwembamba na wa baridi, na ndani yake walikuwamo samaki wa madoadoa waliopandwa na Wazungu, waliowaita trauti. Mweusi aliyekutwa na ndoana pale alichapwa na kupelekwa bomani. Bwana aliwavua kwa nzi wa bandia, ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu. Na katika dimbwi moja, chini ya jiwe kubwa, aliishi samaki aliyemshinda kwa misimu miwili. Kila mgeni aliyekuja mezani alionyeshwa urefu wake kwa mkono, kutoka ncha za vidole mpaka juu ya kiwiko. "Nitamtoa," alisema, "na nitamtundika ukutani." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake na bakuli la viazi. Hapo ndipo nilipojua nitachukua nini.

Vifaa alinipa mwenyewe bila kujua. Nzi wake wengi walinasa kwenye matawi juu ya mto, naye hakuwa mtu wa kupanda miti. Nilipanda mimi nikiwa narudi kumpelekea chai, nikawachomoa. Mshipi wake wa hariri uliochakaa aliutupa. Nikauokota, nikaupaka nta ya nyuki. Ufito nilikata wa mwanzi. Jumapili asubuhi yeye na mkewe waliondoka kwa gari kwenda kwa masetla wenzao, na mimi nilitakiwa kanisani. Katekista aliponiuliza mbona sionekani, nilimwambia bwana ana wageni.

Jumapili ya kwanza nilivua kama nilivyolelewa. Ziwani unarusha mbali, unatulia, maji yanakaa palepale na wewe unakaa palepale. Nilisimama juu ya ukingo, nikarusha mpaka ng'ambo, nikangoja. Mto haukungoja. Mkondo wa katikati uliukamata mshipi, ukaupinda, na nzi wangu akakatiza maji mbio kama panya anayeogelea. Nikawaona samaki watatu wakikimbia. Nilipojaribu kurusha kuelekea juu, mkondo ulinirudishia mshipi wote miguuni, umejiviringa kwenye magoti. Nilikaa juu ya jiwe nikayasikia maneno ya bwana tena, na kilichoniuma zaidi ni kwamba siku ile yalikuwa kweli.

Basi nikaanza kumtazama. Nilipompelekea chakula mtoni sikuharakisha kurudi. Nikaona kwamba huingia majini kutoka chini na kupanda taratibu, kwa sababu samaki wa mtoni huelekeza kichwa kule maji yanakotoka. Ukija kwa nyuma yake hakuoni. Nikaona harushi mbali. Nikaona pia kosa lake, na moyo wangu ukafurahi. Pale dimbwini alikuwa na haraka. Alisimama karibu mno na jiwe, kivuli chake kikatangulia, na mshipi wake ukalalia maji ya kasi wakati samaki amekaa kwenye maji ya polepole pembeni. Nzi wake aliburutwa kila mara. Samaki mzee hali mdudu anayekimbia kuliko povu.

Jumapili ya pili nilifuata povu. Nilirusha hatua chache tu mbele yangu, nikainua ufito mshipi usiguse mkondo, na kwa mkono wa kushoto nikaukusanya kwa mwendo uleule wa maji. Nzi akashuka sambamba na povu. Samaki mdogo akapanda, akamgusa, akaondoka. Akaja wa pili, vilevile. Nilikuwa nasubiri kuvutwa, kama kambale anavyomeza na kuondoka na ndoana. Hawa huonja na kutema kabla hujapepesa jicho. Ilibidi nijifunze kuinua ufito mara tu maji yanapotikisika. Jumapili ya tatu niliwashika wanne, nikawarudisha wote. Sikuja kwa ajili yao.

Jumapili ya nne kulikuwa na mawingu, hakuna kivuli. Niliingia majini mbali chini ya dimbwi, nikatembea hatua moja, nikasimama, nikatembea tena. Maji yalinifika kiunoni na miguu ikafa ganzi. Karibu na jiwe palikuwa na mstari ambapo maji ya kasi yalipakana na yaliyotulia. Nikamweka nzi juu ya mstari ule. Mara tano alipita bure. Mara ya sita sikuona hata mdomo, niliona maji yakijaa kidogo kama yanavuta pumzi, nikainua.

Alishuka na mto. Ziwani ningesimama nikamvuta. Pale ningekata mshipi. Nikamfuata, nikianguka, nikiinuka, nimeinua ufito juu ya kichwa, mpaka alipochoka kwenye maji mafupi ya mchanga. Nikamfunika kwa aproni yangu ya jikoni. Nilimpima: vidole mpaka juu ya kiwiko. Bwana hakuwa ametia chumvi.

Jioni ile walirudi na wageni wawili. Kichwa, ngozi na mifupa nilikuwa nimevizika. Nyama niliichambua, nikaisaga na viazi, mayai na vitunguu, nikatia bizari mpaka rangi yake ikapotea, nikakaanga vipande vya duara. Nikavipanga kwenye sahani nzuri, ile ya wageni.

"Nini hiki?" bwana aliuliza.

"Samaki wa ziwani, bwana. Nimewapata kwa mchuuzi wa Rukwa."

Alikunja uso. Lakini mgeni alikuwa amekwisha kuonja na kusifu, hivyo naye akala. Akala cha pili. Akala cha tatu. Kisha akawaeleza wageni habari za samaki wake mkubwa chini ya jiwe, mdomo ukiwa umejaa.

"Mwambie huyo mchuuzi alete tena," akaniambia.

"Ndiyo, bwana."

Nilirudi jikoni na sahani tupu. Sijawahi kushiba namna ile, na sikuwa nimekula kitu.

Ningeweza kuishia pale. Sikuishia. Msimu mzima nilimpelekea chai dimbwini na kumtazama akivua maji matupu. Aliagiza nzi wapya Nairobi. Alibadilisha mshipi. Alipiga risasi fisi maji wawili, wanyama wala samaki wa mtoni, akidhani wanamtisha samaki wake. Mkewe alimwambia aachane naye, wakanuniana siku nzima. Alianza kusema amezeeka, mkono wake umepoteza shabaha. Nilimmiminia chai nikasema, "Pole, bwana," na kila pole niliyompa niliifurahia.

Nilipokwisha kupata kazi nyingine Tunduma, nilimfuata mtoni kuaga. Alikuwa dimbwini, amelowa.

"Yule samaki ulimla, bwana," nikamwambia. "Mwaka jana, pamoja na wageni. Vile vipande vya bizari."

Alicheka kidogo. "Nani angemtoa? Wewe? Wewe ni mtu wa ziwani."

Nilivua viatu, nikachukua ufito wake mkononi mwake, naye kwa mshangao akauachia. Niliingia majini kutoka chini. Nikarusha mara mbili. Mara ya pili samaki wa wastani akapanda, nikainua, nikamleta mpaka miguuni pake, nikamchomoa ndoana na kumlaza kwenye nyasi mbele ya buti zake.

Akamtazama samaki. Akanitazama mimi. Uso wake ulibadilika polepole, nikajua anakumbuka ladha. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari. Badala yake aliketi ukingoni, kofia mkononi.

"Kwa nini?" akauliza.

Alikuwa hajui kabisa. Ile siku ya shimoni ilikuwa imemtoka kichwani kama siku nyingine yoyote.

"Fikiri, bwana," nikasema. "Una muda."

Niliegemeza ufito kwenye jiwe, nikabeba viatu vyangu na kupanda kilima pekupeku. Nilipofika juu niligeuka mara moja. Alikuwa bado ameketi, na samaki alikuwa bado anarukaruka kwenye nyasi.

Tunduma nilipikia hoteli ndogo ya wasafiri wa mpakani. Kwa miezi mingi, nikiwa nakata vitunguu, nilijikuta nimetabasamu, na wenzangu wakaniuliza nina habari gani njema. Nikawaambia sina, ni moshi tu unaonikunja uso.