Na Chupa ya Mofini Hadi Kabazi

Barua ya kaka yangu Kamau ilinikuta Mau Narok nikishona magunia ya ngano. Aliandika kwamba binti yangu Wambui, ambaye anaishi kwake Kabazi na kufundisha watoto wa shamba kusoma, amepata mchumba. Wazee wa kijana wangekuja Jumamosi na pombe ya asali. "Njoo mwenyewe," aliandika. "Siwezi kupokea pembe ya mtoto wako na wewe u hai." Hiyo ndiyo sababu mtu ambaye kwa miaka mitatu hakuwa amevuka lango la shamba alifunga safari. Nawasimulia ninyi mliobaki stoo, maana najua wengine wenu mliapa kwamba nitarudishwa kwa machela.

Kwanza nikiri jambo kwenu. Mnakumbuka nilivyoanguka kutoka juu ya rundo la magunia, na gunia moja likanifuata mgongoni. Huko hospitalini Nakuru waliniambia mfupa umeunga vibaya, nitatembea lakini maumivu yatabaki. Tangu siku ile nanywa maji ya mofini, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Ninyi niliwaambia ni dawa ya kifua. Kifua changu hakijawahi kuuma. Niliona haya, kwa sababu mtu anayeishi kwa chupa huitwa mlevi hata kama chupa yenyewe imetoka kwa daktari. Mke wangu Njeri, anayeniletea chupa kutoka Nakuru, peke yake ndiye aliyejua.

Siilaumu mofini. Huniwasha pua, hunifunga choo mpaka Njeri ananipikia mboga kila siku kama sungura, na baada ya chakula cha mchana husinzia sindano ya kushonea magunia ikiwa mkononi, ninyi wenyewe mmenicheka. Maumivu hayaendi mbali. Hukaa pembeni kama mgeni mkorofi aliyepewa chai, na mimi napata nafasi ya kufanya kazi yangu. Sharti lake ni moja: isikutane na pombe. Daktari aliniambia vikikutana naweza kulala nisiamke.

Sasa oneni shida yangu. Kwetu, siku wazee wa kijana wanapokuja, binti hupewa pembe ya ng'ombe iliyojazwa pombe mbele ya watu wote. Akiionja na kumpa baba yake, amemkubali mume. Baba akinywa, naye amekubali. Baba asiponywa, wageni huchukua vibuyu vyao wakaenda zao, na msichana hubaki na aibu isiyo yake. Mimi nimebatizwa, lakini pembe ya binti haiulizi mtu dini yake. Nikapiga hesabu ya mtu mwerevu: nitaacha kijiko cha Ijumaa jioni na cha Jumamosi asubuhi, mofini itoke mwilini, ninywe pombe, mambo yaishe na siri yangu ikae.

Alhamisi asubuhi nilipanda lori la viazi na barua ya ruhusa ya mwenye shamba mfukoni, kwa kuwa siku hizi mtu wa kwetu hasafiri bila karatasi. Dereva, kijana wa Kipsigis mwenye kofia ya sufu, alinikunjia magunia matatu nikakalia.

"Mzee, jishikilie. Hii barabara iko na mashimo mingi," alisema.

"Endesha tu. Mgongo wangu utakuhesabia," nikamjibu.

Akaendesha kama mtu aliyebeba mayai. Ukungu ulikuwa bado haujatoka kwenye mashamba, na mabua ya ngano yalikuwa yamelowa umande. Kadiri tulivyoteremka kwenda Njoro, baridi ilipungua, nikafungua koti. Nilikuwa nimesahau kwamba dunia ni pana hivyo. Nilifurahi sana, na sikuficha.

Saa sita mchana tulifika Nakuru. Nilikwenda hospitalini kujaziwa chupa. Mchanganya dawa ni mtu mwembamba wa miwani, mpole, anayesoma kila kadi kana kwamba ni barua ya mpenzi. Aliponiuliza safari yangu ni ya wapi, nikamwambia kuna pembe ya binti yangu Kabazi. Akaacha kumimina.

"Mzee, usionje hata tone."

"Sitaonja nikiwa na dawa tumboni."

"Na usiruke dawa pia. Mwili yako imezoea. Ukiinyima ghafla itakusumbua vibaya."

Nilisema ndiyo, ile ndiyo ya mtu anayetaka kuondoka. Nililala kwa rafiki yangu wa zamani kwenye nyumba za reli, nikasikiliza treni zikipanga mabehewa yao.

Ijumaa, saa nne asubuhi, nilipanda basi la kwenda Subukia. Mlima Menengai ulibaki kushoto kwetu, halafu tukapita Bahati, na udongo ukazidi kuwa mwekundu. Nilishuka njia panda ya Kabazi. Kamau alikuwa akinisubiri na mkokoteni wa punda wenye majani makavu chini. Kaka yangu ana maneno machache.

"Umekonda," alisema.

"Na wewe umenenepa. Jumla yetu haijabadilika."

Akacheka, akanipandisha polepole. Tulipita katikati ya mistari ya kahawa mpaka nyumbani, na Wambui akatoka mbio mikono ikiwa na unga. Ana umbo la mama yake na sauti ya mwalimu. Alinitazama nilivyoketi, kisha akanitazama nilivyosimama. Jioni ile chupa ilibaki ndani ya mfuko wangu.

Jumamosi alfajiri niliujua upumbavu wangu. Pua ilitiririka maji. Nilipiga miayo mpaka taya likauma. Jasho lilinitoka na huku natetemeka, miguu ikakataa kutulia kitandani, na mgongo, uliokuwa kimya, ukaamka na madeni yake yote. Niliona nitakufa kabla wageni hawajafika. Wambui aliniletea uji, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba, umekunywa dawa?"

"Ya kifua? Niliacha. Nimepona."

"Mama aliniandikia zamani, baba. Najua ni ya nini."

Nilitazama ukuta. Nikamweleza hesabu yangu, nikamwomba asinivunjie. Sikuwa tayari wageni waseme binti wa Mau Narok ana baba mlevi wa chupa. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipangusa uso kwa kitambaa.

"Kunywa uji," alisema tu, akatoka.

Saa sita wageni walifika na vibuyu vyao. Kiongozi wao alikuwa babu ya kijana, Mzee Gathogo, mtu mkubwa wa masikio yaliyotobolewa, asiyekuwa na haraka wala mzaha. Walisalimu, wakaketi uani. Mimi nilikuwa kwenye kiti, nimeshika magoti ili yasicheze. Pembe ikajazwa, Wambui akaitwa. Aliulizwa kama anawajua watu hawa. Akasema anawajua. Akaionja pombe mbele ya macho yao yote, na wanawake wakaanza vigelegele.

Kisha, badala ya kunipa mimi, akamkabidhi Kamau pembe aishike, akageuka, akaingia ndani.

Vigelegele vilikatika. Mgeni mmoja alimnong'oneza mwenzake. Mimi nilifunga macho, maana niliona kazi ya wiki nzima imemwagika. Nilipoyafungua, Wambui alikuwa mbele yangu na chupa yangu mkono mmoja, kijiko mkono mwingine.

"Wazee wangu," alisema kwa sauti ile ya kufundishia, "baba yangu aliumia mgongo kazini. Dawa hii ndiyo inayomsimamisha, na daktari amemkataza pombe. Pembe nimeionja, mmeona. Lakini baba nitampa hii, kwa mkono huu huu."

Akamimina kijiko, akanipa. Aliushika mkono wangu na kijiko pamoja. Nikanywa. Ni chungu, lakini siku ile sikuusikia uchungu. Nilimtazama Mzee Gathogo kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu.

Aliitazama chupa, akamtazama binti. Halafu akamuuliza Kamau:

"Mkono uliotoa ni wa nani?"

"Wa binti."

"Na mdomo uliokunywa?"

"Wa baba yake."

"Basi lipi lililobaki? Zungusheni hiyo pembe, sisi wengine hatujaumia mgongo."

Uani pakalipuka kwa kicheko, na vigelegele vikarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Nililia bila kujificha. Kitambo kidogo baadaye miguu ilitulia na jasho likakauka. Walipofika kwenye maneno ya mbuzi wa mahari mimi nilisinzia, ikabidi Kamau anisukume kwa kiwiko niitikie. Mzee Gathogo aliniambia nisinzie tu, mbuzi hawatakimbia.

Jumatatu nilianza kurudi. Wambui alinisindikiza hadi njia panda. Nilimuuliza kama hakuogopa kwamba wangeondoka.

"Niliogopa sana," alisema. "Lakini watu wanaoweza kuondoka kwa sababu ya kijiko, ningeishi nao vipi?"

Nilimbariki, nikapanda basi. Nilipita Nakuru, nikalala, nikapata lori la kupanda Njoro, na jana jioni nikafika kwenu kwa miguu yangu.

Nililojifunza si kubwa. Nilidhani dawa ile ndiyo aibu yangu, na kwa kuificha nilikaribia kumharibia mtoto siku yake. Kwa hiyo ninyi wa stoo, mkiniona asubuhi natoa kijiko, msigeuze uso wala msiniulize habari za kifua. Ni mofini, ya mgongo, na huenda nitainywa mpaka niingie kaburini. Sikupona na sitapona. Lakini Wambui aliponyoosha mkono kutafuta baba yake, alinikuta.