Siku Komeo Alipofunga Maji

Dada yangu mkubwa watu walimwita Komeo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga mlango wa mbao unaogawa maji ya mfereji wetu. Leo maji ni ya mashamba ya juu, kesho ni ya chini. Alikuwa mtu wa kushuku. Ukimsalimu kwa bashasha, anakuuliza unataka nini.

Ofisi ya maji ikatangaza mkutano. Mjini kulihitajika bomba la kuchota maji ya mfereji wetu, na wananchi wenyewe waamue zamu ya nani ipunguzwe.

"Lini?" Komeo akaniuliza.

"Jumatano asubuhi."

"Jumatano maji ya nani?"

"Ya watu wa chini."

"Na mwenye zamu ataacha maji akasikilize hotuba?"

Kwetu ukiacha maji yako yapite, hurudishiwi.

"Labda hawakujua, dada."

"Wewe nawe! Mwizi gani husema alijua?"

Jumatano tukakusanyika kwenye ghala la mahindi, watu wa juu watupu. Tukapewa soda baridi. Bwana wa ofisi akatabasamu, akauliza kama tumetimia. Tukaitikia kwa nguvu kwamba tumetimia.

"Soda hii ya kutuliza koo au ya kuliziba?" Komeo akaninong'oneza, kisha akatoka. Nilidhani anakwenda msalani.

Tulikuwa karibu kunyoosha mikono, zamu ya chini ikatwe nusu, tuliposikia kelele nje. Watu wa chini walikuja na majembe begani na matope hadi magotini. Maji yalikuwa yamewakatikia, wakafuata mfereji mkavu hadi juu, ghala lilipo. Mbele yao alikuwa mama muuza mboga.

"Nani kafunga? Ajitokeze nimwone!"

"Mimi," akasema Komeo, amesimama mlangoni mwa ghala. "Matusi niwekeeni. Ingieni kwanza, zamu yenu inakatwa humu."

Mama muuza mboga akatutazama mmoja mmoja. Mimi nilitazama miguu yangu.

"Kumbe mnatunyoa bila maji, na kichwa chenyewe kiko shambani!"

"Mama, hatukujua kuwa leo ni zamu yenu," akasema bwana wa ofisi.

"Sasa mmejua," Komeo akajibu.

Ikakubaliwa turudi siku ya kuzibua mfereji, ambayo hakuna mwenye zamu.

"Na maji yetu ya leo?" mama muuza mboga akauliza.

"Chukueni ya shamba letu kesho," akasema Komeo.

Shamba hilo ni letu wawili, mimi na yeye. Sikuulizwa. Maharage yangu yakasinyaa nikiyaona.

Siku ya kuzibua tulikaa pande zote mbili, tukagombana hadi sauti zikakauka. Mwishowe kila upande ukapunguziwa sawa. Watu wakapeana mikono. Komeo alisimama barabarani hadi gari la ofisi likapotea kwenye kona.

"Mdogo wangu," akasema, "hebu kaangalie kama kweli wameenda."

Nikaenda.